Siku Mama Zamu Alipoulizwa Yuko Wapi

Kazi ya Mama Zamu ilikuwa na swali moja la kufungulia, na kwa miaka kumi na minne alikuwa ameliuliza mara nyingi kuliko alivyowahi kusema shikamoo: Uko wapi? Si jina lako nani, wala nani kaumia, wala imekuwaje. Kwanza uko wapi. Simu ikikatika kabla hujaambiwa kilichotokea, angalau utajua gari la wagonjwa lielekee upande gani. Lakini ukisimuliwa mkasa wote, na simu ikafa kabla hujajua mahali, umebaki na hadithi tu mkononi, na hadithi haimfungi mtu jeraha.

Chumba chao cha kupokelea simu za dharura kilikuwa ghorofa ya tatu, chenye madirisha yasiyofunguka na meza ishirini na mbili. Kila meza ilikuwa na skrini mbili, moja ya ramani, nyingine ya kuandikia. Ukutani palikuwa na saa nyekundu iliyohesabu sekunde za simu isiyopokelewa, na ikifika kumi ilianza kuwaka na kuzima, basi ungewaona watu wazima wakitimua mbio kutoka kwenye mashine ya chai kama watoto waliosikia mwalimu mkuu anakuja. Yeye alikuwa msimamizi wa zamu ya mchana, ndiyo maana jina la Mama Zamu likamganda hadi binti yake mwenyewe akawa anamwita hivyo akitaka kumtania. Wenzake walisema hajawahi kupandisha sauti kwa mpiga simu hata mmoja. Jengo linaungua, mama anajifungulia kwenye ngazi, mtu kakatwa na msumeno, yeye sauti ni ileile, kama anayesoma orodha ya vitu vya kununua sokoni.

Wasichokiona wenzake ni kwamba alirudi nyumbani na hadithi thelathini zisizo na mwisho. Maana ndivyo kazi ilivyokuwa: mtu analia sikioni mwako, gari linafika, simu inakatwa, nyingine inaingia. Kama aliyeungua alipona, au kama mtoto alilia, hakuna wa kukwambia. Mama Zamu alikuwa akikaa sebuleni na viatu vyake miguuni akitazama televisheni iliyozimwa.

Mume wake mtaa mzima ulimwita Breki. Alikuwa mkufunzi wa udereva, na gari lake la kufundishia lilikuwa na pedali ya pili ya breki upande wa abiria, kwa hiyo mguu wake wa kulia ulizoea kukanyaga hata pasipo na pedali. Alikanyaga akiwa kwenye kiti cha kinyozi, alikanyaga mezani mtu akisogeza kikombe kwa haraka. Mnene kiasi, mcheshi, mtu wa kupaka viatu vyake rangi kila asubuhi.

"Wewe unapokea simu za wanaokufa," alipenda kumwambia mkewe. "Mimi nakaa kando ya wanaotaka kuniua. Tuoneane huruma."

Safari zao zilianza siku ndoa yao ilipotimiza miaka minane. Juma hilo Mama Zamu alikuwa amepokea simu ya msichana aliyekwama pamoja na bibi yake ndani ya nyumba inayowaka, na kwa siku tatu hakusema neno nyumbani zaidi ya ndiyo na hapana. Siku ya nne, asubuhi, Breki alibandua herufi nyekundu ya wanafunzi kwenye gari, akatia blanketi na chupa ya chai kiti cha nyuma, akapiga honi.

"Tunakwenda wapi?" Mama Zamu aliuliza.

"Umeanza. Hii ni simu? Ingia."

Aliingia, gari likaondoka, na katikati ya njia akagundua jambo la ajabu: kutojua aendako kulikuwa kunampumzisha. Kazi yake yote ilikuwa kujua watu wako wapi. Hapa palikuwa na mtu mwingine aliyejua, naye Mama Zamu akalala kama mtoto mgongoni. Tangu hapo wakakata shauri: kila mwaka, ndoa ikitimiza mwaka mwingine, siku tatu barabarani. Breki anachagua njia, Mama Zamu haulizi, hasomi vibao, na simu yake inazimwa na kufungiwa kwenye droo ya dashibodi. Mwaka mmoja walifika kwenye nyumba ya wageni ambayo kuku walipanda kitandani kabla yao. Mwaka mwingine Breki aliendesha saa sita kwenda kwenye chemchemi ya maji moto, wakakuta imefungwa kwa matengenezo, wakala mayai ya kuchemsha ndani ya gari huku mvua ikigonga paa, na Mama Zamu akacheka hadi akalia. Alipenda kusema kwamba hizo siku tatu ndizo zilizomweka kazini. Bila hizo angekuwa ameshatupa hedifoni dirishani, isipokuwa dirisha lenyewe halifunguki.

Mwaka wa ishirini wa ndoa, siku moja kabla ya safari, aliondoka kazini na hasira. Kulikuwa na mpokeaji mpya, mwanamke wa miaka arobaini na kitu aliyekuwa amefundisha watoto wadogo miaka kumi na mitano kabla ya kubadilisha kazi. Wakamwita Ticha. Huyu Ticha alikuwa anaongea na wapiga simu kama yuko darasani. Mama Zamu alimkuta akimwambia mzee mzima aliyeanguka bafuni, "Hongera baba, sasa tuhesabu pamoja, moja, mbiliii..."

Alisubiri simu iishe, akainama kwenye meza yake.

"Ticha, kuna mwongozo hapo mbele yako. Umeandikwa na watu waliosoma. Usome ulivyo."

"Samahani, Mama Zamu. Baba alikuwa anatetemeka, nikaona..."

"Usione. Soma. Huu ujinga wa chekechea uuache nyumbani, hapa watu wanakufa."

Alisema kwa sauti yake ileile ya orodha ya sokoni, lakini meza za jirani zilisikia. Ticha aliinamisha kichwa, akajibu, "Sawa, dada," akavuta mwongozo karibu.

Kesho yake wakaondoka alfajiri. Breki alikuwa amevaa shati jipya. Walipita mji, wakapita mashamba, kisha barabara ikaanza kupanda vilima, na Mama Zamu akavua viatu akaweka miguu juu ya dashibodi, jambo ambalo Breki hakumruhusu mwanafunzi wala abiria mwingine yeyote duniani. Saa tatu hivi walisimama kunywa chai. Breki akajisugua kifua.

"Kiungulia," alisema. "Yale mayai."

"Hukula mayai leo."

"Basi ni ya mwaka juzi yamenikumbuka."

Wakacheka. Saa nne akajisugua tena, akafungua dirisha akasema kuna joto, na upepo wa vilimani ulikuwa baridi kiasi kwamba Mama Zamu alijifunika blanketi. Kama angekuwa kazini, mtu akamwambia kwa simu maneno hayo mawili, kifua na joto, angekuwa ameshatuma gari kabla hajamaliza sentensi. Lakini alikuwa likizo. Alifumba macho.

Alichokisikia kwanza ni indiketa. Tiki, tiki, tiki. Gari likapunguza mwendo, likatoka barabarani taratibu, likasimama kwenye majani, sambamba kabisa na lami, kama siku ya mtihani. Breki akavuta breki ya mkono. Akaweka gia huru. Kisha akalala juu ya usukani, honi ikaanza kulia bila kukoma.

Mama Zamu alicheka. Ndiyo, alicheka, maana mumewe alikuwa mtu wa mizaha, na mzaha wa kujifanya amekufa mbele ya mwanafunzi mbovu alikuwa ameufanya mara nyingi. "Acha upuuzi," akasema, akamsukuma bega. Bega likaenda, kichwa kikafuata, na uso uliomgeukia ulikuwa wa rangi ya majivu, macho nusu wazi, yasiyomtazama yeye wala kitu kingine chochote. Honi ikanyamaza. Kikabaki kimya ambacho hajawahi kukisikia maishani.

Kilichofuata aliwasimulia watu hivi, na alikisimulia mara nyingi. Alifungua droo, akatoa simu, akaiwasha, akapiga. Kati ya meza ishirini na mbili simu ikaangukia ya Ticha. "Huduma ya dharura, uko wapi?" Naye Mama Zamu, kwa utulivu, akajibu: "Ticha, ni mimi. Mume wangu ameanguka, hapumui. Sijui nilipo."

Hapo kwenye kutojua ndipo alipokwama. Alitazama mbele, lami. Nyuma, lami. Hakuna nyumba, hakuna kibao, hakuna mtu. Vibao vyote vya njia nzima alikuwa amevipita kwa makusudi, macho yamefumbwa, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa raha ya safari. Maelfu ya watu walikuwa wamemjibu swali hilo, wengine wakiwa wanavuja damu, na yeye mwenye kuliuliza hakuwa na jibu.

Ticha alimwambia aweke spika, amtoe mumewe ndani ya gari, amlaze chali mahali pagumu. Mama Zamu alimvuta kwa mkanda wa suruali, mtu wa kilo tisini, wakaanguka wote wawili kwenye changarawe. Akaweka viganja katikati ya kifua, akaanza kukanda. Ticha akahesabu, naye akakanda kwa hesabu hiyo. Kitu kikalia chini ya mikono yake kama kijiti kikavu kinachovunjika; ulikuwa ubavu. Akaendelea. Huku anakanda, akamweleza Ticha anachokiona: tangi la maji juu ya kilima, jeupe, lenye mstari mwekundu, uzio wa waya, jua mgongoni. Ticha alikuwa amefungua redio kwa vituo vya afya vitatu vilivyokuwa ndani ya eneo la mnara ulionasa simu yake, anarudia kila neno kwa sauti, na dereva wa gari la wagonjwa wa kituo cha pili akadakia: "Tangi lenye mstari mwekundu nalijua. Lile la kiwanda cha mbao. Nakuja."

Dakika kumi na moja. Gari likafika, wakamrarulia Breki shati lake jipya, wakambandika mashine ya kushtua moyo. Mara ya kwanza mwili uliruka tu. Mara ya pili mhudumu akaweka vidole shingoni, kisha akasema, "Upo."

Hospitalini walimwambia mshipa mmoja wa moyo ulikuwa umeziba kabisa. Wakauzibua. Daktari, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, alimwita pembeni.

"Nani alimkanda kifua?"

"Mimi."

"Umemvunja mbavu tatu."

Mama Zamu akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Mbavu zinaunga, mama," daktari alisema. "Usiwe na wasiwasi na mbavu."

Siku ya pili Breki alifumbua macho. Akamtazama mkewe, akalamba midomo iliyokauka, akauliza kwa sauti ya karatasi: "Gari mmeliacha wapi? Breki ya mkono ilivutwa?" Baadaye, alipoambiwa habari ya mbavu, alisema watu wengine wake zao huwavunja mbavu kwa vichekesho, yeye wake amezivunja kweli. Akajaribu kucheka, maumivu yakamkatiza.

Basi habari ikaenea. Ndugu walikuja, majirani walikuja, binti yao alikuja kutoka chuoni na begi moja, macho yamevimba. Ticha naye alikuja siku yake ya mapumziko, na mfuko wa machungwa, akakaa ukingoni mwa kiti kwa robo saa, akamwombea mgonjwa heri, akaondoka bila kugusia simu hata kidogo. Kwa kila mgeni Mama Zamu alisimulia, na daima aliishia palepale: "Ajabu ni kwamba nilitulia. Hata mimi nilijishangaa. Miaka kumi na minne si mchezo." Watu walitikisa vichwa. Binti yake alisema, "Mama, wewe ni chuma."

Alirudi kazini baada ya mwezi. Kila robo mwaka wasimamizi husikiliza tena simu moja ya kila mpokeaji na kujaza fomu ya alama, na safari hii simu ya Ticha iliyochaguliwa ilikuwa hiyohiyo. Mkuu wa kituo alimwita ofisini, akamwambia wanaweza kumpa msimamizi mwingine.

"Ya nini?" Mama Zamu alisema. "Nipeni mimi. Naijua yote, neno kwa neno."

Akakaa kwenye kijichumba cha kusikilizia, kisichotosha watu watatu, akavaa hedifoni, akabonyeza.

Sauti iliyotoka alidhani ni hitilafu. Haikuwa sauti ya mtu. Ilikuwa mlio, kama wa bawaba iliyoshika kutu, unaopanda na kushuka, na ndani yake neno moja linarudiwa. Akasimamisha, akaangalia tarehe na saa kwenye skrini. Vilikuwa vyenyewe. Akaanza tena, safari hii akalitambua neno: jina la mume wake, si Breki, si la kwenye cheti, bali lile alilokuwa akiitwa na mama yake utotoni, ambalo Mama Zamu hakuwahi kulitumia hata mara moja katika miaka ishirini. Sekunde thelathini na nane za jina hilo. Hakukuwa na "Ticha, ni mimi." Hakukuwa na "hapumui." Hakukuwa na sentensi yoyote.

"Mama, uko wapi?" Ticha aliuliza. "Mama? Nisikilize mama, uko wapi?"

Na ile sauti ikalipuka. "Nipe mtu anayejua kazi! Usinisomee! Usinisomee huo mwongozo, mjinga wewe wa chekechea!"

Kimya. Mama Zamu alitazama mstari wa sauti kwenye skrini ukitambaa bapa, sekunde moja, mbili. Ndipo akaelewa: hadi hapo Ticha alikuwa hajui anaongea na nani. Alimjua kwa lile tusi.

Ticha aliposema tena, sauti yake ilikuwa imeshuka, taratibu kabisa. "Sawa, Mama Zamu. Mjinga wa chekechea yuko hapa. Haendi popote. Weka simu chini, bonyeza spika."

Akaendelea kusikiliza. Lile tangi la maji, alilokuwa akisimulia kwamba alilitaja mwenyewe, Ticha alilivuta kwake kama anayetoa mwiba. Mara tisa alimuuliza anaona nini. "Rangi gani? Niambie rangi moja tu. Moja tu, dada." Na kati ya kila swali alihesabu, akipiga makofi mezani, moja hadi kumi, moja hadi kumi, kwa wimbo ule wa watoto wadogo, ambao mwongozo haukuwa nao.

Lakini dakika ya saba ndiyo iliyomwangusha. Dakika ya saba sauti yake ilisema, safi, bila kulia, ile sauti yake ya kazini: "Basi. Ameshakufa. Nimechoka. Niache."

Kukanda kukasikika kumekoma.

"Hakuna anayetoka kabla ya kengele!" Ticha alipaza sauti, ukali ambao ungemsimamisha mtu mtaani. "Mikono kifuani! Sasa hivi! Moja!"

Pumzi. Pumzi nyingine. Kisha ule mdundo ukaanza tena.

Mama Zamu alivua hedifoni akaiweka mezani kama kitu kinachoweza kupasuka. Alikaa. Mtu alipita akagonga kioo kumuuliza kitu, akamwona uso, akaondoka. Alikuwa amemwacha Breki. Sekunde nne, alizipima baadaye, lakini alikuwa amemwacha mume wake kwenye changarawe na kuondoa mikono, na asingejua maisha yake yote kama si mashine hii. Ni nani yule mwanamke? Na yule aliyetulia, aliyesema sentensi tatu za maana, alimtoa wapi?

Alimkuta Ticha kwenye mashine ya chai.

"Kwa nini hukuniambia?"

Ticha alielewa mara moja. Akaweka kikombe chini. "Ningekwambia nini, dada? Kila anayepiga anatukana. Wewe hata ulitukana kidogo. Kuna mzee mmoja wiki iliyopita, aliyonitusi siwezi kuyarudia hata gizani."

"Umekuja na machungwa. Umenisikiliza nikijisifu mbele ya watu, umenyamaza."

"Ulikuwa unayahitaji yale maneno," Ticha alisema. "Nani mimi nikunyang'anye?"

Mama Zamu alitaka kuomba radhi, na alikuwa amepanga maneno, lakini akajikuta amemshika Ticha mikono yote miwili mbele ya zamu nzima, analia wazi, na saa nyekundu ukutani inahesabu, sita, saba, nane, hadi mtu akaruka kuipokea.

Fomu ile alishindwa kuijaza. Kwa kanuni, kila neno lililo nje ya mwongozo hukatwa alama, na kwa kanuni hizo Ticha alikuwa ameanguka vibaya. Akairudisha kwa mkuu ikiwa tupu, akamwambia asikilize mwenyewe, kisha wakae. Walikaa mara tatu. Mwishowe mwongozo ukaongezewa kurasa mbili, na Ticha akapewa siku mbili kwa wiki za kuwafunza wapya. Mama Zamu alihudhuria somo la kwanza, akakaa nyuma, na kalamu.

Nyumbani ilikuwa ngumu zaidi. Kwa majuma mawili alimwangalia Breki akila, akipaka viatu rangi, akigombana na redio, na kila mara yeye akaona ile changarawe. Jioni moja akamwambia yote. Kengele, mikono, "niache." Hakuficha hata neno.

Breki alizima redio. Akaangalia viganja vya mkewe.

"Dakika saba?" akasema. "Mimi wanafunzi wangu nawakatia tamaa dakika ya pili."

"Sifanyi mzaha."

"Najua." Akamshika mkono. "Mke wangu, ulirudi. Mimi nimelala hapo, sijui lolote. Wewe ndiye uliyekuwa safarini siku ile. Na ulirudi."

Hawakulizungumzia tena kwa muda mrefu.

Siku ya ndoa ya mwaka uliofuata ilipokaribia, Mama Zamu alidhani mambo ya safari yamekwisha. Daktari alikuwa amemruhusu Breki kukaa ndani ya gari, si kuliendesha mbali. Lakini asubuhi akasikia honi, akatoka, akamkuta mumewe amekaa kiti cha abiria, blanketi nyuma, chupa ya chai miguuni.

"Leo wewe ndiye dereva," Breki alisema. "Na nataka twende kule. Nataka kumshukuru yule bwana wa gari la wagonjwa. Mtu hawezi kuokolewa akakaa kimya kama mwizi."

Wakaenda. Mama Zamu aliendesha, Breki akimkosoa kila kona, hadi akatishia kumshusha. Mahali penyewe walipapita bila kusimama. Aliliona tangi tu kwa pembeni, akakaza mikono kwenye usukani, Breki akanyamaza mwenyewe bila kuambiwa. Kituo cha afya kilikuwa ng'ambo ya kilima: majengo mawili ya matofali, bustani ndogo, gari la wagonjwa limeegeshwa kivulini. Dereva alitoka akijifuta mikono, mtu mrefu mwembamba, kofia imekaa upande. Alimtazama Breki juu hadi chini, akapiga kofi la mshangao.

"Mzee! Ni wewe? Unatembea?"

"Natembea na nasumbua," Breki alisema, wakakumbatiana.

Kisha dereva akamgeukia Mama Zamu, na badala ya kumpa mkono akarudi nyuma hatua moja, ameinua viganja.

"Mama, shikamoo. Leo umekuja kwa amani?"

"Kwa amani vipi?"

"Nauliza tu. Maana siku ile ulinizaba kofi."

"Mimi?"

"Wewe, mama. Nilikushika mikono nikuondoe kifuani, mwenzangu aweke mashine. Ukageuka, paa! Kofia hii ilikwenda hadi mtaroni. Ukanambia, 'Kengele haijalia!' Mimi nikamuuliza mwenzangu, kengele gani? Mpaka leo tunaulizana."

Mama Zamu aliitazama ile kofia. Alijaribu kuitafuta siku ile kichwani, hilo kofi, hiyo kofia, na hakukuta chochote, kama chumba kilichohamwa. Breki alikuwa ameinama, ameshika ubavu kwa mkono mmoja na bega la dereva kwa mwingine, anacheka hadi machozi.

"Bwana," Breki akasema akijifuta macho, "ingia ndani ya gari, tuna chai. Nataka unisimulie hiyo siku tangu mwanzo. Huyu kila nikimuuliza ananipa hadithi nyingine."

Wakakaa watatu, milango ya gari wazi, wakamimina chai. Dereva akaanza kusimulia, na Mama Zamu, ameshika kikombe kwa mikono miwili, akasikiliza kama mtu anayeambiwa habari za mwanamke asiyemfahamu.